Tahariri: Musitari mumoja kwenye tovuti, na deni ya dola 150

Mwanzoni mwa mwezi wa sita 2024, sekretere wa shirika moja la afya la Butembo alifungua tovuti ya shirika lake kwenye telefone. Alitaka kumuonyesha mama mumoja kalenda ya chanjo ya watoto. Ukurasa ulifunguka nusu, kisha ukahama wenyewe na kuonyesha mipira, rangi nyingi na maneno ya kualika watu wacheze pari. Alifunga, akafungua tena: kalenda ilikuwa pale, safi kabisa. Kesho yake magaribi, pari tena.

Mukubwa wa shirika alifungua tovuti ileile kwenye kompyuta ya biro. Hakuona kitu. Lakini wafanyakazi watatu walikuwa wameona, na mama mumoja wa Vulindi aliuliza kama shirika limeanza biashara ya michezo. Mukubwa alimuita kijana mwenye alitengeneza tovuti, akamuambia mbele ya watu: « Mwanangu, tulikulipa utuwekee habari za chanjo. Nani alikutuma utuletee pari? » Kijana alijibu: « Papa, munipatie siku mbili nitafute. »

Alitafuta siku mbili, halafu juma nzima. Kwenye mashini yake naye hakuona kitu. Mapatano yalikuwa ya dola 400: dola 250 zilitolewa mwezi wa kumi na mbili 2023 wakati tovuti ilifunguliwa, na 150 zilipashwa kutolewa kisha miezi sita ya majaribio. Miezi sita ilitimia kati ya fujo hiyo. Shirika lilisema halitoi franka hata moja kwa mutu mwenye anauza wageni wao kwa watu wa pari.

Hatutaji jina la shirika wala la kijana, kwa kuwa wote wawili wanaishi katika muji mumoja na bado wanasalimiana. Lakini jambo lenyewe tunalitaja, sababu lilikuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa mbali sana na Butembo.

Tarehe 25 mwezi wa sita 2024, kampuni Sansec, yenye inachunguza usalama wa maduka ya kwenye intaneti, ilitangaza kwamba huduma moja inayoitwa Polyfill ilikuwa inatia sumu katika tovuti zaidi ya 100.000 duniani. Kati ya wenye walikuwa wanaitumia, Sansec ilitaja JSTOR, maktaba kubwa ya masomo, na hata Jukwaa la Uchumi Duniani. Kijana wetu alisoma habari hiyo saa tano za usiku, kwenye telefone, na mega zenye zilibakia. Akafungua mafaili ya tovuti ya shirika. Musitari ulikuwa pale, juu kabisa ya ukurasa. Mumoja tu.

Musitari huo ulikuwa wa nini? Programu za kufungulia tovuti, kama Chrome ao Firefox, hazizeeki pamoja na watu wenye wanazitumia. Telefone ya 2014 haielewi maneno mapya yenye mafundi wanaandika leo. Muingereza mumoja, Andrew Betts, alipokuwa kwenye gazeti Financial Times, alianzisha huduma ya kusaidia telefone na kompyuta za zamani: tovuti inaita kipande cha programu kutoka kwenye anwani moja, na kipande hicho kinaifundisha telefone ya zamani maneno yenye haijui. Ni kazi nzuri, na ya bure. Kwetu ambako telefone inapita kwa baba, kwa mama, kwa mutoto, mpaka kioo kinavunjika, huduma kama hiyo ilikuwa musaada wa kweli. Mafundi wengi waliweka musitari huo na wakausahau.

Halafu mwezi wa pili 2024, anwani hiyo iliuzwa kwa kampuni inayoitwa Funnull. Fikiri robine ya avenue yenu. Nyumba zote zinavuta maji kwenye bomba la jirani mumoja mwenye roho nzuri. Siku moja jirani anahama, bomba linauzwa kwa mutu hakuna mwenye anamujua. Maji yanaendelea kutoka, hakuna mwenye anauliza. Miezi mine kisha, watoto wanaanza kuumwa tumbo.

Na sumu hiyo ilikuwa na akili. Sansec ilieleza kwamba kipande kile kilikuwa kinashika telefone na kuacha kompyuta. Kilikuwa kinafanya kazi saa fulani, na saa zingine kinalala. Kikigundua kwamba mwenye kufungua ni musimamizi wa tovuti, kinanyamaza. Sasa mutaelewa sababu gani mukubwa wa shirika, kwenye kompyuta ya biro, hakuona kitu, na sababu gani fundi, mwenye kila mara aliingia kama musimamizi, hakuona kitu vilevile. Sekretere hakudanganya, fundi hakudanganya. Mwizi alikuwa amechagua wa kumuonyesha uso wake.

Siku chache kisha tangazo la Sansec, kampuni yenye ilikuwa inaandikisha anwani hiyo iliifunga. Mwezi wa tano 2025 serikali ya Marekani iliiwekea Funnull vikwazo, ikiishitaki juu ya tovuti za utapeli, na ikataja pia kwamba ilinunua programu ya mafundi na kuigeuza ili kupeleka watu kwenye pari na udanganyifu. Kwa hiyo hii si hadisi ya kijana wa Butembo ya kukwepa lawama.

Tuseme na upande wake wa kosa, sababu upo. Andrew Betts mwenyewe alionya mwezi wa pili 2024, mara tu aliposikia habari ya kuuza: alisema mwenye kuwa na huduma hiyo kwenye tovuti yake aiondoe palepale, na kwamba siku hizi karibu hakuna tovuti yenye inaihitaji. Kampuni kubwa Cloudflare na Fastly ziliweka nakala safi mwezi uleule. Onyo lilikuwa hadharani miezi mine mbele ya kalenda ya chanjo kugeuka kuwa mipira. Kijana hakuliona. Tulipomuuliza, hakujitetea. Alisema: « Sikuwa ninafuata habari za ufundi. Nilikuwa ninafuata kazi ingine ya kula. »

Jibu hilo ndilo limetuandikisha tahariri hii.

Hapa kwetu tunanunua tovuti sawa vile tunanunua meza. Fundi anatengeneza, analipwa, anaenda. Tunasahau kwamba meza haibadiliki usiku wakati tumelala. Tovuti ni kitu kimejengwa na vipande mia mbili ao mia tano vyenye vinatoka kwa watu wengine, katika inchi zingine, na kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuchoka, kuuza, kufa, ao kuibiwa ufunguo. Mutu mwenye anafuata habari za vipande hivyo kila juma anafanya kazi. Si mutu wa kupoteza wakati kwenye telefone. Na kazi hiyo, kutoka Bunia mpaka Uvira, hatujaona kontra yenye inailipa.

Tuangalie namna vipande hivyo vinabebwa, sababu wengi wanafikiri nyuma yake kuna kampuni kubwa zenye feza. Mwaka wa 2014, mafundi waligundua tundu lenye liliitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu yenye ilikuwa inafunga kufuli la sehemu kubwa ya tovuti za dunia, za banki na za serikali pia. Watu walipouliza nani anaichunga, walikuta fundi mumoja tu ndiye alikuwa anaifanya kazi ya kila siku, na musaada wenye watu walikuwa wanatoa ulikuwa kama dola 2.000 kwa mwaka. Dola 2.000! Katika mitaa yetu kuna harusi zenye zinapita hapo.

Mwaka wa 2016 ilikuwa ajabu ingine. Fundi Azer Koçulu aligombana na kampuni moja juu ya jina, akakasirika, akaondoa programu zake zote kwenye npm, ile depo kubwa ambamo mafundi wa tovuti wanachukua vipande. Kati yake kulikuwa kipande kimoja cha misitari 11, left-pad, chenye kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi ao sifuri kushoto kwa neno. Misitari 11 ilipotoka, kazi za mafundi katika kampuni kubwa zilisimama, sababu vipande vyao vilikuwa vimekalia kipande kile. Wenye depo walilazimika kukirudisha kwa nguvu kisha saa mbili hivi.

Lakini hadisi yenye inatufundisha zaidi ni ya xz, na tutakaa hapo kidogo.

xz ni programu ya kubana mafaili yawe madogo. Iko ndani ya karibu kila seva ya Linux. Muchungaji wake alikuwa Lasse Collin wa Finland, na hakuwa analipwa. Kuanzia 2021, mutu mwenye alijiita Jia Tan alianza kumuletea masahihisho mazuri, kwa upole. Mwaka wa 2022, majina mengine yasiyojulikana yalianza kumusukuma Collin: kazi inakawia, watu wanangoja, ukubali kusaidiwa. Collin alijibu wazi kwamba alikuwa na matatizo ya afya ya akili ya muda murefu, na kwamba watu wakumbuke hii ni kazi ya kujipendea isiyo na malipo. Mwishowe Jia Tan alipewa ufunguo.

Mwaka wa 2024, mwezi wa pili na wa tatu, toleo 5.6.0 na 5.6.1 zilitoka na mulango wa siri ndani. Mulango huo ulikuwa umelengwa kwenye ssh, njia yenye mafundi wanapitia kuingia ndani ya seva kutoka mbali. Kama ungefika kwenye seva zote, mwenye mulango angeingia anakotaka dunia nzima. Aliyeugundua ni Andres Freund, fundi wa Microsoft mwenye anasaidia pia programu ya PostgreSQL. Hakuwa anatafuta mwizi. Alikuwa anapima mambo yake, akaona kuingia kwenye mashini kunachelewa nusu ya sekunde hivi. Nusu ya sekunde ilimukera. Akachimba, na tarehe 29 mwezi wa tatu 2024 akatangaza. Debian na Fedora zilikuwa zimekwisha kuingiza toleo hilo katika matoleo yao ya majaribio. Halikuwa bado limefika kwenye yale matoleo ya kawaida yenye watu wengi wanatumia.

Mutu mumoja, bila kutumwa, alikataa kudharau nusu ya sekunde. Na mutu mumoja mwingine, miaka miwili mbele yake, alisema amechoka, na hakuna kampuni hata moja kati ya zile zenye zilikuwa zinakula kazi yake ilikuja kumupokea muzigo. Aliyekuja ni mwizi.

Sisi Wakongomani tunajua salongo. Siku ya posho mutaa wote unaitwa kufagia na kuzibua mifereji. Wanakuja watu saba, wale wale. Wengine wanapita njiani na viatu safi, wakisema asante. Mifereji ikijaa na mvua ikaingia nyumbani, hao hao ndio wa kwanza kuuliza nani alikuwa na kazi ya kuzibua. Programu za bure za dunia ni salongo ya namna hiyo, na kusema kweli sisi huku Kivu na Ituri ni kati ya wale wa viatu safi.

Mutu atasema: lakini sisi ni maskini, tutoe nini? Ni ulizo la haki. Ujerumani ilianzisha mwaka wa 2022 mufuko wa serikali, Sovereign Tech Fund, wa kulipa watu wenye wanachunga programu kama hizo. Hatuiombi Kinshasa ifanye hivyo kesho. Kuna walimu wenye hawajalipwa. Lakini hatutaki pia ile hadisi ya kwamba Artikle 15 inatosha kwa kila kitu. Kujipanga ni vizuri kwa mutu mwenye anatafuta chakula cha jioni. Kwa faili la wagonjwa wa muji, kwa orodha ya wanafunzi, kwa tovuti ya banki ya akiba ya akina mama, kujipanga peke yake ni kucheza pari.

Kijana wa Butembo alibadilika kisha jambo lile. Tangu 2024, kila siku ya tano jioni anaandikia wenzake kumi na kitu, wa Beni, Bunia, Goma, Bukavu mpaka Kisangani, mambo yenye ameokota katika juma: programu mpya, matundu yaliyogunduliwa, kitu cha kuondoa, kitu cha kujaribu. Hatumwi na mutu. Nimesoma ujumbe wake mwingi mbele ya kuandika haya, na nimekuta ndani yake mambo yenye wakubwa wengi wa mashirika wangepashwa kujua.

Kwa mufano, aliwakumbusha kwamba Let's Encrypt, huduma yenye inatoa bure kile cheti cha kufuli kwenye anwani ya tovuti, iliacha tarehe 4 mwezi wa sita 2025 kutuma barua za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha. Wengi kwetu walikuwa wanategemea barua hiyo. Cheti cha Let's Encrypt kinaishi siku 90. Kikiisha, mugeni anaona ukurasa wa onyo wenye unamuambia akimbie. Na itazidi kuwa nguvu: kampuni zenye zinatoa vyeti na zenye zinatengeneza programu za kufungulia tovuti zilikubaliana mwezi wa ine 2025 kupunguza muda, siku 200 kwa wingi kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu 2026, siku 100 mwaka unaofuata, na 47 tu kuanzia 2029. Tovuti isiyo na mutu wa kuichunga haitafika hata miezi miwili mbele ya kuonyesha onyo hilo.

Aliwaandikia pia juu ya lile jambo la tarehe 8 mwezi wa tisa 2025. Muchungaji mumoja wa vipande vya npm alipokea barua yenye ilifanana kabisa na ya wenye depo, ikimuomba ahakikishe ufunguo wake. Alifuata. Kisha, wezi waliingiza sumu katika vipande 18 vyenye, vyote pamoja, vinachukuliwa zaidi ya mara miliari mbili kila juma. Sumu hiyo ilikuwa inageuza anwani za feza za kwenye intaneti ili malipo yaende kwa wezi. Iligunduliwa kisha saa chache tu. Ushauri wa kijana kwa wenzake ulikuwa mufupi: mufunge namba za toleo, musikubali kipande kipya siku yenyewe yenye kinatoka, mungoje siku kadhaa wengine wakionje kwanza. Kwa mara moja, mega zetu chache zinatusaidia!

Lakini yenye yalinipendeza zaidi ni mambo madogo ya hapa. Kwamba kwa shirika lenye linabadilisha habari mara mbili kwa mwezi, hakuna lazima ya kuweka WordPress na vipande vyake ishirini vya kuongezea. WordPress inabeba zaidi ya tovuti 40 kwa 100 za dunia, na ndiyo sababu wezi wanaisoma zaidi kuliko wenye kuitumia. Programu kama Hugo inatengeneza kurasa za kawaida tu, bila ghala la data nyuma, bila mulango wa kuingilia: ukurasa unafunguka haraka kwenye telefone ya zamani, na mwizi hana pa kushika. Kwamba fundi asiye na koneksio anaweza kuweka kwenye mashini yake Kiwix, programu ya bure yenye inafungua Wikipedia nzima bila intaneti, na pia maulizo na majibu ya Stack Overflow. Wakati Beni inakaa siku mbili bila koneksio, wenye Kiwix wanaendelea kufanya kazi. Na kwamba kipande chochote cha mutu mwingine, kikiruhusiwa, ukichukue, ukisome, ukikae nacho ndani ya seva yako, badala ya kukiita kila siku kutoka kwenye robine ya jirani. Kama angefanya hivyo mwaka wa 2023, hii tahariri isingekuwapo.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliane naye. Yeye anaamini sana zile programu za akili bandia zenye zinaandika programu mahali pa mutu. Anasema zimemupunguzia kazi, na ni kweli. Lakini inajulikana kwamba wakati mwingine programu hizo zinataja vipande vyenye havipo kabisa, jina zuri la kubuni, na mwizi mwenye akili anaweza kuandikisha jina hilo kwenye depo na kungoja. Mutu mwenye amezoea kusoma misitari ataona. Kijana wa mwaka wa kwanza, mwenye anabandika bila kusoma, hataona. Na tulikwisha kuona bei ya musitari mumoja wenye haukusomwa.

Sasa, tunaomba nini?

Kwa wakubwa wa mashirika, masomo, parokia na maduka: muandike kontra. Si kwa mudomo. Na ndani ya kontra, kando ya bei ya kujenga, muweke bei ya kuchunga kwa mwaka, hata iwe ndogo. Dola 10 kwa mwezi ni chini ya feza yenye munatoa kwa mulinzi wa mulango wenu, na huyu analinda mulango wenye unafunguliwa na watu wa Kampala, Bruxelles na Montréal usiku na muchana. Wafadhili nao wasikilize: mara nyingi ni wao wenye wanaweka kwenye bajeti « kujenga tovuti », dola 2.000, na hakuna mustari wa mwaka wa pili.

Kwa mafundi wenyewe, tusiwapake mafuta. Kuna kati yenu wenye wanaandikisha anwani ya tovuti kwa jina lao na kumufunga muteja miaka yote. Kuna wenye wanaweka neno la siri moja kwa wateja kumi. Muteja mwenye alikwisha kuchomwa hivyo hatawasikiliza mukimuletea hadisi ya Funnull, hata kama ni kweli. Muandike kwenye karatasi vipande vyote vyenye mumetumia, mumupatie muteja karatasi hiyo siku ya kufungua tovuti. Fundi wa gari anaacha vyuma vya zamani ndani ya mufuko ili mwenye gari avione. Mufanye vivyo hivyo.

Kwa vyuo vikuu vya mashariki, ombi letu ni moja, na bei yake ni ndogo. Muweke ndani ya chuo mashini moja yenye nakala ya vipande vya kawaida, Kiwix, na vitabu vya maelezo, ili wanafunzi wachukue bila kununua mega. Na kila juma saa moja ya somo iwe ya kusoma habari za ufundi pamoja: nini kimeharibika, wapi, sababu gani. Mimi nilisomea uandishi wa habari. Miaka mitatu hakuna mwalimu mwenye alitufundisha kuuliza tovuti ya gazeti letu imejengwa na nini. Nilijifunza siku yenye ilianguka, nikiwa na habari ya kutangaza mukononi.

Serikali ina sheria yake ya numeriki, nambari 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, yenye inasema juu ya data za watu na makosa ya kwenye intaneti. Ni nzuri kuadhibu mwenye kuiba. Lakini tunatamani kuona katika kila soko la serikali lenye linanunua tovuti ao programu sharti moja rahisi: nani ataichunga mwaka wa pili, na atalipwa na mufuko gani.

Na kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, tunajua kuna ulizo lingine. Tangu banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, fundi mwenye alikuwa analipa seva kwa karta amebaki anatafuta mutu wa inchi ya nje amulipie. Vijana kadhaa wameanza likelemba: kila mwezi mumoja anakusanya, ndugu mwenye yuko Kampala ao Nairobi analipa seva za wote. Ni ya kusifu, na ni ya hatari, sababu ndugu huyo sasa ndiye mwenye kushika ufunguo wa tovuti kumi. Muandikiane, hata kati ya ndugu. Lasse Collin naye alifikiri amepata rafiki.

Tumalizie kule tulianzia. Tarehe 26 mwezi wa sita 2024 kijana aliondoa musitari ule. Tovuti ilipona saa ileile, na sekretere aliijaribu kwenye telefone tatu magaribi yote. Kijana alitafsiri tangazo kwa Kifaransa, akalichapisha kwenye karatasi mbili, akalipeleka kwa mukubwa wa shirika pamoja na faktira. Mukubwa alisoma karatasi zote mbili mpaka mwisho. Akasema: « Basi, ni watu wa mbali wenye walifanya. Lakini mwanangu, wewe ndiye uliwafungulia. » Akaweka karatasi ndani ya sanduku la meza.

Kalenda ya chanjo bado iko kwenye tovuti. Cheti chake kinarudishwa upya kila miezi miwili na kitu, na hakuna pari. Anayekirudisha ni kijana yuleyule, bila malipo, sababu anasema akina mama wa Vulindi hawana kosa. Mukubwa wa shirika anasoma ukurasa huu, tunalijua. Faktira ya dola 150 iko ndani ya sanduku la meza yake.